Kupima tabia ya makundi ya nyuki: mwongozo kamili kwa mfugaji wa Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Kundi la nyuki halihukumiwi kwa ziara moja. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mfugaji alishike kabla hajaua malkia, hajauza mzinga, wala hajamhakikishia jirani kwamba nyuki wake ni wapole na mbuzi anaweza kufungwa popote. Ukali unaouona unapofungua mzinga unatoka pande mbili zinazokuja zimechanganyika: asili ambayo nyuki hao wameirithi kwa malkia na kwa madume aliopandana nao, na hali ya siku yenyewe, yaani njaa, joto, upepo, adui wa usiku na mikono ya mfugaji. Kazi ya kupima tabia ni kuzitenganisha pande hizo mbili, na hakuna njia ya kuzitenganisha isipokuwa kurudia, kulinganisha na kuandika.

Nililijifunza hili kwa gharama. Mzinga wangu wa saba, uliokuwa kwenye mteremko wa Bahati nje ya Nakuru, ulinishambulia jioni tatu mfululizo. Nyuki walikuwa kwenye wavu wa kofia kabla sijagusa kifuniko. Nikaamua kwamba damu yao ni mbaya, nikamtafuta malkia na kumuua. Wiki iliyofuata nilipita hapo alfajiri nikaona mstari mwembamba wa siafu ukishuka mguu wa nyuma wa stendi. Grisi niliyokuwa nimepaka kwenye mguu huo kuwazuia ilikuwa imefunikwa na vumbi na majani makavu ya mkaratusi hadi ikawa daraja. Nyuki wale walikuwa wakipigana vita kila usiku, na mimi nilikuwa nikiwapima kila jioni kana kwamba wamelala vizuri. Malkia niliyemuua alikuwa ametoka katika mzinga mpole kuliko yote niliyokuwa nayo.

Nyuki wetu ni wa namna gani

Nyuki wengi tunaowafuga kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega ni wa jamii inayoitwa kitaalamu Apis mellifera scutellata, nyuki wa savana wa mashariki na kusini mwa Afrika. Malkia wa jamii hii ndio waliopelekwa Brazili mwaka 1956 na mtaalamu Warwick Kerr. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa asili ya Ulaya waliokuwa wakifugwa kule, na kizazi chao kikasambaa kuelekea kaskazini hadi kikafika Texas mwaka 1990. Wafugaji wa Amerika waliwaogopa sana, lakini sisi tunaishi nao tangu zamani. Wepesi wao wa kujilinda si kasoro ya maumbile. Nyuki hawa wamelelewa na nchi yenye nyegere, siafu, moto wa nyika na binadamu mwenye shoka, na kundi lililochelewa kujilinda halikuacha kizazi.

Kwenye milima mirefu yuko nyuki mwingine, Apis mellifera monticola, aliyetambulishwa kitaalamu na F. G. Smith mwaka 1961. Huyu ni mkubwa kidogo, mweusi zaidi, huruka hata kukiwa na baridi, na kwa kawaida ni mtulivu kuliko ndugu yake wa savana. Wafugaji wa Uswidi walifika Mlima Elgon mwishoni mwa miaka ya 1980 kutafuta mbegu yake. Usidhani hata hivyo kwamba kila nyuki mweusi wa Bungoma au Trans Nzoia ni mpole, kwa kuwa jamii hizi mbili hupandana zinapokutana kwenye miteremko, na rangi ya mgongo haikuambii lolote la uhakika kuhusu tabia.

Hata ndani ya mzinga mmoja nyuki hawafanani. Malkia hupandana hewani na madume wengi, mara nyingi kati ya 10 na 20, kwa hiyo wafanyakazi ni watoto wa mama mmoja na baba wengi, na baadhi ya ukoo huo wa baba huwa wepesi wa kulinda kuliko wengine. Ndiyo sababu unapima kundi zima. Nyuki mmoja aliyekuuma mkononi hajakupa habari yoyote ya kutosha.

Ondoa kwanza sababu za siku

Kabla ya kuandika alama yoyote, jiulize kama siku hiyo inafaa kupimia. Siku isiyofaa iache, maana kipimo cha uongo ni kibaya kuliko kukosa kipimo.

Angalia chakula. Wakati mikaratusi, kaliandra, migunga au miparachichi imechanua na mbochi, yaani maji matamu ya maua, inaingia, kundi kali huweza kuonekana pole, kwa kuwa nyuki wengi wazee, ambao ndio wakali zaidi, wako shambani. Maua yakikoma ghafla, wazee hao hao hubaki nyumbani bila kazi, wizi wa asali kati ya mizinga huanza, na walinzi huongezeka mlangoni. Mwezi wa Januari na Februari katika sehemu kavu za Nakuru utawapima nyuki wenye njaa. Hilo si baya, mradi uandike kwamba ilikuwa njaa.

Angalia hewa. Mawingu mazito ya mvua inayokaribia, radi na upepo huwachokoza. Joto la mchana katika tambarare za Kisumu, mji ulio kwenye mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, huwafanya nyuki wananing'inia nje ya mlango kama ndevu, na mfugaji mgeni huchukulia ndevu hizo kuwa maandalizi ya vita. Kinyume chake, jioni ya Molo kwenye mita 2,500 hivi huwa na baridi inayowakalisha ndani hata nyuki wabaya. Nimeona mizinga iliyosifiwa Molo kwa upole ikipelekwa bondeni na kuwaumiza watu ndani ya wiki tatu. Baridi ilikuwa imewaficha.

Usipime kundi ndani ya siku 10 baada ya kurina asali, kugawanya, kuhamisha au kuvamiwa. Usipime kundi lisilo na malkia anayetaga. Fungua kwanza, tafuta mayai yaliyosimama katikati ya kitako cha kila kijumba, na kama huyaoni, andika kwamba kundi halina malkia na usitoe alama. Usipime pia bumba, yaani kundi lililohama na kuingia mzingani juzi, kwa sababu nyuki wasio na asali wala majana (mayai na watoto wa nyuki) hawana cha kulinda. Wengi wamenunua mizinga kwa kudanganywa na upole wa bumba jipya. Subiri wiki 8 mpaka masega yajae majana na kizazi kipya kianze kulinda.

Mwisho, kagua miguu ya stendi na ardhi inayozunguka mzinga. Nyayo na mikwaruzo ya nyegere, njia ya siafu, mabawa ya nyuki waliokufa yaliyorundikana chini ya mlango, vyote hivyo ni ushahidi kwamba kundi liko vitani. Tibu kwanza kisha pima.

Vifaa, saa na usalama

Vaa ovaroli ya rangi nyeupe au hafifu, kofia ya wavu, glovu, na gambuti ambazo miguu ya suruali imefungwa juu yake kwa mpira. Rangi nyeusi na vitambaa vyenye manyoya huwachokoza nyuki, na vivyo hivyo jasho, marashi na pumzi unayowapulizia usoni. Usile ndizi kabla ya kwenda. Harufu ya hatari ambayo nyuki huitoa anapouma ina kemikali iitwayo isoamili asetati, iliyotambuliwa na wanasayansi mwaka 1962, nayo inanukia ndizi mbivu. Ukiisikia harufu hiyo ukiwa mbele ya mzinga uliofunguliwa, jua kwamba umeshaumwa au glovu imeshaumwa, na wengine wanaelekezwa hapo hapo. Puliza moshi kwenye glovu kabla ya kuendelea.

Kwa bomba la moshi, ambalo wengi wetu huliita smoka, tumia magunzi makavu, samadi kavu ya ng'ombe au magome ya mkaratusi. Moshi uwe mweupe na wa baridi. Chagua kiasi kimoja na usikibadilishe: mimi hupuliza mara 3 mlangoni, nasubiri dakika 2, napuliza mara 2 chini ya kifuniko, basi. Ukimpa mzinga mmoja moshi wa kumlewesha na mwingine moshi kiduchu, umepima smoka, hukupima nyuki.

Saa nzuri ni kuanzia 11 jioni. Giza likiingia utakuwa karibu kumaliza, na nyuki waliokasirika hurudi ndani badala ya kuzurura hadi kwa jirani. Ukihitaji taa, ifunike kwa karatasi nyekundu, kwa kuwa nyuki hawaioni rangi nyekundu kama sisi. Nenda na mtu wa pili, aliyevaa vilevile, atakayeandika huku wewe ukifungua. Waambie majirani mapema, na hakikisha hakuna mnyama aliyefungwa kamba ndani ya mita 200. Mbuzi aliyefungwa hawezi kukimbia, na wanyama wengi waliouawa na nyuki huku kwetu walikuwa wamefungwa.

Mwiba ukikuingia, ukwaruze mara moja kwa ukucha au kisu, kwa maana kifuko cha sumu huendelea kusukuma baada ya nyuki kuondoka. Mtu akivimba midomo au ulimi, akipumua kwa shida, akapata vipele mwili mzima au kizunguzungu, aachishwe kazi na apelekwe hospitalini bila kusubiri.

Hatua ya 1: mlangoni

Simama ubavuni mwa mzinga, mita 2 hivi kutoka mlangoni, nje ya njia ya kurukia, ukae kimya kwa dakika 5. Watazame walinzi. Mlinzi mtulivu hutembea mlangoni, humgusa kwa vipapasio anayeingia, kisha humwacha apite. Mlinzi aliyeamka husimama kwa miguu ya nyuma, huinua ile ya mbele, na huelekeza kichwa kwako kila unaposogeza mkono.

Ninatumia alama 1 hadi 4, na 4 ndiyo ya upole. Kama hakuna anayekujia kabisa, andika 4. Mmoja au wawili wakija kuizunguka kofia kisha wakarudi, andika 3. Kadhaa wakigonga wavu kabla hujaugusa mzinga, andika 2. Wakikupokea ukiwa bado njiani, mita kumi au zaidi kutoka mzingani, andika 1.

Kabla ya kutoa moshi, gonga ubavu wa mzinga mara tatu kwa kifundo cha kidole na utege sikio. Kundi zima na tulivu hutoa mvumo mfupi unaopanda na kuzima ndani ya sekunde chache. Mvumo mrefu unaoendelea kama kilio mara nyingi ni dalili ya kukosa malkia, na hapo unaacha kupima na kuanza kutafuta mayai.

Hatua ya 2: kufungua

Ondoa kifuniko polepole, bila kukigonga, na anza kuhesabu dakika moja tangu unapoachanisha kiunzi cha kwanza, yaani ubao mwembamba wa juu ambao nyuki hujenga sega chini yake. Msaidizi wako ahesabu nyuki wanaougonga wavu wako kwa nguvu. Walioupitia tu hawahesabiwi. Kipimo changu mwenyewe ni hiki: wasiozidi 5 ni alama 4, kati ya 6 na 20 ni alama 3, kati ya 21 na 50 ni alama 2, na zaidi ya hapo ni alama 1. Namba hizi si sheria. Chagua zako, mradi uzitumie hizo hizo mwaka mzima.

Hapa pana jambo ambalo wafugaji wengi hulisahau, nalo huharibu hesabu zote. Mzinga wa viunzi wa Kenya, uliobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, una viunzi vyenye upana wa milimita 32 vinavyogusana na kufunga juu kabisa. Ukitoa kimoja, umefungua ufa mwembamba tu, na sehemu kubwa ya kundi haijui kwamba umefika. Mzinga wa Langstroth, ule wa sanduku lenye fremu, ukiondolewa kifuniko unafunua juu ya fremu zote kwa mkupuo, na nyuki wote huiona mbingu. Kundi lile lile litakupa alama mbili tofauti katika mizinga hii miwili. Kwa hiyo linganisha viunzi kwa viunzi na Langstroth kwa Langstroth, na ukisikia mtu akisema nyuki wa Langstroth ni wakali zaidi, muulize kwanza alizipata wapi nyuki hizo na alizifunguaje. Mzinga wa gogo ulio juu ya mti haufai kupimwa kwa njia hii. Pima mlangoni tu.

Hatua ya 3: juu ya sega

Inua sega lenye majana, ulishike mbele yako kwa nusu dakika bila kulitikisa, na utazame. Hapa ndipo ninapojifunza mengi kuliko popote. Nyuki watulivu hubaki wametandazwa juu ya sega kama mkeka, vichwa vyao vikiwa ndani ya vijumba, na wengine wanaendelea kulisha majana kana kwamba hujawatoa gizani. Nimewahi kumwona malkia akiendelea kutaga huku sega likiwa mikononi mwangu: alitumbukiza kichwa kijumbani, akageuka, akashusha tumbo, akanyamaza kidogo, kisha akaenda kijumba kinachofuata, na wahudumu wake wakamzunguka bila haraka. Kundi la namna hiyo ni hazina.

Nyuki wasiotulia hutiririka kama maji kuelekea pembe ya chini ya sega, hujikusanya pale wakaning'inia kwa mnyororo wa miguu, na mnyororo ukizidi uzito hukatika na kuangukia gambuti zako. Tabia hiyo ya kukimbia si lazima iwe uchungu wa kuuma. Yako makundi yanayokimbia sana bila kuuma, na yako yaliyotulia kwenye sega huku yakichoma glovu moja baada ya nyingine. Ziandike kando: alama moja ya utulivu kwenye sega, nyingine ya kuuma. Kwa kuuma, hesabu miiba iliyobaki kwenye glovu na mikono ya ovaroli baada ya kufunga, kisha uioshe au uifukize kabla ya kwenda mzinga wa pili.

Nyuki wetu wa savana kwa jumla hukimbia kwenye sega, na sioni sababu ya kumwadhibu malkia kwa hilo peke yake. Kukimbia kunamchosha mfugaji, lakini hakumuumizi mtoto anayetoka shule.

Hatua ya 4: kufuatwa

Funga mzinga, kisha ondoka kwa mwendo wa kawaida kuelekea kichakani, kamwe si kuelekea nyumbani wala barabarani, huku ukihesabu hatua mpaka nyuki wa mwisho akuache. Wakikuacha ndani ya hatua 30, andika 4. Kati ya 30 na 100, andika 3. Kati ya 100 na 200, andika 2. Wakikufuata zaidi ya hapo, andika 1, na uketi kimya ndani ya majani mpaka giza liingie kabla ya kurudi kwa watu.

Alama hii ndiyo ninayoipa uzito kuliko nyingine zote. Mfugaji amevaa ovaroli. Mama anayelima shamba la pili hakuvaa. Kule Vihiga, ambako mashamba mengi ni madogo na nyumba ya jirani iko hatua arobaini kutoka kwenye ua, kundi lenye alama 2 ya kufuata halifai kabisa, hata kama mlangoni lina 4. Kando ya msitu wa Mau au wa Kakamega, kundi hilo hilo linaweza kuishi miaka mingi bila kumdhuru mtu, na ukali wake utailinda asali dhidi ya wezi wa usiku. Kipimo ni kile kile, ila mahali ndipo panapoamua alama ipi inavumilika.

Kurudia na kuandika

Rudia hatua hizi mara tatu, ukiacha wiki 2 au zaidi kati ya ziara, na angalau ziara moja iwe wakati wa maua na nyingine wakati wa ukame. Katika kila ukurasa andika tarehe, saa, hali ya hewa, miti iliyochanua, idadi ya viunzi au fremu zilizofunikwa na nyuki, kama umeona mayai, na dalili za maadui. Idadi ya nyuki ni muhimu sana: kundi la viunzi 6 litakuwa pole karibu kila mara, na likifika viunzi 18 huenda usilitambue.

Usifungue zaidi ya mizinga 4 jioni moja, kwa sababu harufu ya hatari hubaki hewani na kwenye nguo. Badilisha mpangilio kila ziara. Mzinga unaofunguliwa wa mwisho siku zote utaonekana mkali siku zote, na hatia ni ya mpangilio wako. Chagua pia mzinga mmoja unaoujua vizuri uwe wa kulinganishia. Ukishuka alama pamoja na mingine yote jioni hiyo, siku ndiyo yenye makosa, na ukurasa huo usiutumie kuamua. Mzinga mmoja ukishuka huku mingine imetulia, na ukashuka tena ziara ya pili na ya tatu, sasa una neno la kusema kuhusu asili yake.

Usijumlishe alama ukatafuta wastani. Kundi lenye 4, 4, 4 na 1 ya kufuata lina wastani mzuri sana na linaweza kumpeleka mtu hospitalini.

Yako majaribio ya watafiti ambapo kipande cha ngozi nyeusi, ukubwa wa kiganja, huning'inizwa kwa kamba na kuchezeshwa mbele ya mlango kwa dakika moja, kisha miiba iliyobaki huhesabiwa. Hutoa namba safi, na kituo cha utafiti chenye uzio kinaweza kuyafanya. Kwa mkulima mwenye majirani siyashauri. Jaribio hilo huwaamsha nyuki kwa makusudi, na nyuki wetu wakishaamka huamsha mizinga ya jirani.

Baada ya kupima: kuamua

Kwanza, lisikutishe kundi lenye alama 2 hapa na 3 pale. Huyo ni nyuki wa kawaida wa Kenya na anafugika. Tahadhari pia na mzinga unaopata 4 kila mahali lakini una nyuki wachache, masega yenye utando wa nondo na majana yaliyotawanyika. Upole huo ni wa mgonjwa, na usichukue mbegu hapo.

Mizinga yenye nguvu iliyopata 3 na 4 mara zote tatu ndiyo ya kuzalishia. Iache ilee madume wengi, kwa sababu malkia wapya watapandana hewani na madume watakaowakuta, nawe huwezi kuwachagulia. Katika mizinga mikali kata vipande vya sega lenye majana ya madume, yale yenye vifuniko vilivyovimba kama risasi, kila unapoviona. Kazi hii haionekani haraka, lakini ukiifanya misimu kadhaa, hasa mkiifanya na majirani wafugaji, hewa ya mahali penu hubadilika.

Kundi lililopata 1 ya kufuata mara tatu, na halina siafu, njaa wala nyegere wa kusingiziwa, libadilishe malkia. Mtafute malkia jioni ya baridi na umuondoe. Siku ya 7 rudi, kagua kila sega na uvunje vyumba vyote vya malkia walivyojenga. Hesabu kwa makini, kwa kuwa kimoja ukikisahau kazi yote imepotea. Sasa hawana tena buu mchanga wa kwao wa kumlea kuwa malkia. Wape sega lenye mayai na mabuu wadogo sana kutoka kwenye mzinga mpole, ulipukute nyuki wake kwanza, na uhakikishe kiunzi kina urefu sawa na vya mzinga unaoupokea. Watajenga vyumba vipya juu ya mayai hayo. Malkia mpya atatoka ndani ya wiki 2 hivi, na ndani ya wiki 2 au 3 zaidi, hewa ikiwa nzuri, atakuwa anataga.

Usitarajie upole siku hiyo. Mfanyakazi huchukua siku zipatazo 20 kutoka yai hadi kutoka kijumbani, na wazee wa malkia wa kwanza wataendelea kulinda mlango kwa wiki kadhaa baada ya hapo. Tangu kumuondoa malkia hadi kundi libadilike ni miezi 3 kwa kukadiria, na kwa muda fulani katikati, wakiwa hawana malkia anayetaga, watakuwa wakali kuliko mwanzo. Weka tangazo njiani na uwaonye watoto kwa kipindi hicho.

Kama huwezi kumpata malkia, au jirani ameshaumia, lihamishe kundi kabla ya kufanya lolote lingine. Fanya hivyo usiku, ziba mlango kwa wavu wa chuma unaopitisha hewa, funga viunzi au fremu kwa kamba zisicheze, na ulipeleke zaidi ya kilomita 3 ili wasirudi mahali pa zamani, kwenye manzuki, yaani mahali pa kuwekea mizinga, iliyo mbali na nyumba na njia. Fungua mlango kabla ya mapambazuko na uondoke. Waache wiki 3 wazoee, paka upya grisi kwenye miguu ya stendi na ufagie majani chini yake, kisha anza ukurasa mpya wa daftari kwa ziara ya kwanza mlangoni.